Kinanda, Kompyuta na Daftari la Mwalimu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wa mwaka wa chama chetu, katika ukumbi wa shule.)



Nimepewa nusu saa nieleze jinsi ya kukiunganisha kinanda cha dijitali na kompyuta. Najua wapo wanaojiuliza mtu wa majalada anajua nini habari za vinanda. Wana haki. Mimi si mwanamuziki. Niliimba sauti ya pili katika kwaya ya shule hii, basi. Lakini miaka mingi ya kazi serikalini imenifundisha jambo moja: jalada likipotea, haki ya mtu imepotea pamoja nalo. Nitakayosema leo juu ya kinanda yanatoka katika fundisho hilo, na mwisho nitakuwa na ombi kwa baadhi yenu mlioketi humu.

Mnakumbuka kwamba chama chetu kilichanga fedha tukainunulia shule kinanda cha dijitali chenye vibonye 88. Kilipigwa siku ya makabidhiano, kikapigiwa makofi, kisha kikanyamaza. Mwaka uliofuata nilikikuta chumba cha muziki kimefunikwa shuka. Nikaambiwa, "Kimekufa." Taa zinawaka, lakini hakitoi sauti. Fundi mmoja alikuwa ameitwa kukitazama, akasema kibadilishwe sakiti ya ndani, na bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya kinanda chenyewe. Nilipiga magoti nikatazama chini ya vibonye, upande wa kushoto. Kwenye tundu la hedifoni palikuwa na plagi ndogo ya kuunganishia, ndefu kama kifundo cha kidole, imesahauliwa na mtu. Kinanda kikiona plagi hapo hudhani kuna mtu amevaa hedifoni, basi hunyamazisha spika zake. Nikaichomoa. Kinanda kikalia. Miezi tisa ya ukimya ilitokana na kipande cha chuma ambacho hakuna aliyeinama kukitazama.

Wadogo zangu, hilo liwe somo la kwanza. Kabla hamjasema chombo kimeharibika, kitazameni pande zote kwa utulivu. Tazameni sauti imepunguzwa au la, tundu la hedifoni lina kitu au la, na adapta ndiyo yenyewe au ni ya kuazima. Adapta isiyo na volti zilizoandikwa nyuma ya kinanda inaweza kukiua kwelikweli. Na kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka, kinanda na kompyuta vipitie kwenye kifaa cha kulinda umeme, na vichomolewe mvua ya radi inapokaribia.

Sasa nije kwenye MIDI yenyewe.

Mwaka 1983, mwezi Januari, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, watu walishuhudia jambo jipya. Kinanda cha kampuni ya Marekani, Sequential Circuits, kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha kampuni ya Kijapani, Roland. Kimoja kilipopigwa, na cha pili kikalia. Kampuni hizo zilikuwa zikishindana sokoni, lakini Dave Smith wa upande mmoja na Ikutaro Kakehashi wa upande wa pili waliona kwamba vyombo visivyosikilizana vinamtesa mpigaji. Wakashirikiana na wengine kuunda lugha moja ya vyombo vyote, na hawakuitoza ada. Lugha hiyo ndiyo MIDI. Kakehashi alifariki mwaka 2017 na Smith mwaka 2022. Toleo la pili la lugha yao lilitangazwa mwaka 2020, lakini lile la kwanza lingali likifanya kazi, na ndilo lililomo ndani ya kinanda chetu.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: MIDI si sauti. Ndani ya waya ule hapapiti muziki hata kidogo. Hupita maagizo. Ukibonyeza C ya katikati, kinanda huiambia kompyuta maneno matatu kwa njia ya namba: nota imebonyezwa, ni nota namba 60, imebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, kati ya 1 na 127. Ukiachia, hupeleka habari kwamba nota 60 imeachiwa. Ukikanyaga pedali ya kushikilia sauti, nayo ina namba yake, 64. Kibonye cha mwisho kushoto ni namba 21, cha mwisho kulia ni 108. Hayo ndiyo yote. Waya wa MIDI wa asili hupitisha alama 31,250 kwa sekunde, hivyo agizo la nota moja huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti nne za kwaya zikipigwa pamoja hufika karibu kwa pamoja, na sikio halitambui tofauti.

Sisi tulioimba kwaya hatupaswi kuona ugeni hapa. Tulikuwa tukisoma nini ubaoni? Do, re, mi. Sol-fa ile iliyotengenezwa Uingereza katika karne ya 19, kwanza na Sarah Glover kisha na John Curwen, ikaletwa kwetu na wamisheni, nayo si sauti. Ni maagizo. Mwalimu akiandika "Do ni G", wote tunajua pa kuanzia. Akisema leo mmechoka, Do iwe E bemoli, tunashuka sote na wimbo unabaki uleule. Kompyuta nayo ikitaka kuushusha wimbo kutoka G hadi E bemoli hutoa 4 katika kila namba: 67 inakuwa 63, na kuendelea. Inaweza pia kupunguza mwendo nusu bila sauti kuwa nzito, kwa kuwa hakuna sauti iliyovutwa; kuna maagizo yaliyosomwa polepole. MIDI, kwa maneno mengine, ni sol-fa ya mashine.

Sasa twende kwenye kazi ya mikono, nanyi wanafunzi mwaweza kuandika.

Kwanza, tazameni nyuma ya kinanda. Vinanda vingi vya siku hizi vina tundu la USB la mraba, sawa na lile la printa. Kebo ya printa iliyoko ofisini itafaa, ila isizidi mita tano. Vinanda vya zamani vina matundu mawili ya duara yenye vishimo vitano, moja limeandikwa IN na jingine OUT. Hivi huhitaji kebo yenye kisanduku kidogo katikati, na hapo ndipo wengi hupotea. Kinachotoka kwa mmoja ndicho kinachoingia kwa mwingine: OUT ya kinanda iende kwenye IN ya kompyuta. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima kwa kuunganisha OUT na OUT, nikiilaumu kompyuta ya watu.

Pili, washeni kinanda kwanza, ndipo mfungue programu. Programu nyingi hutazama mara moja tu, zinapofunguka, ni vyombo gani vipo. Aliyechelewa haandikwi kwenye mahudhurio. Vinanda vingine hutambuliwa papo hapo. Vingine hudai draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kukitambua chombo. Hiyo ichukueni kwa mtengenezaji wa kinanda, si kwa mtu wa pembeni.

Tatu, programu. Kwa kuandika nyimbo za kwaya sisi tumetumia MuseScore, ambayo haiuzwi. Hupakuliwa bure, kwa halali. Katika mipangilio yake, mahali palipoandikwa MIDI, chagueni jina la kinanda. Kisha bonyezeni herufi N ili kuanza kuandika, chagueni urefu wa nota kwa namba, kwa mfano 5 kwa nota ya pigo moja na 6 kwa ya mapigo mawili, halafu bonyezeni kibonye cha kinanda. Nota hujiandika yenyewe mahali pake. Chini ya nota tumeandika maneno, na chini ya maneno tumeandika sol-fa, ili kwaya isiyosoma nota isifungiwe mlango.

Nne, amueni sauti itoke wapi. Mkisikia kila nota ikilia mara mbili, moja nyuma ya nyingine, ni kwa sababu kinanda kinalia na kompyuta nayo inalia. Punguzeni sauti ya kinanda, au zimeni kile kinachoitwa Local Control, kinachounganisha vibonye na sauti za ndani ya kinanda chenyewe. Lakini atakayekizima aandike karatasi akaibandike pale pale, maana atakayekuja baada yake atakuta kinanda bubu, na sote tunajua ataitwa nani.

Tano, kuchelewa. Ukipiga na sauti ya kompyuta ikafika baadaye, hutaweza kucheza. Hesabu yake ni rahisi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa kwa sehemu 10 za elfu za sekunde ni sawa na kumsikiliza mwenzako aliyesimama hatua chache kutoka kwako, hilo linavumilika. Kuchelewa kwa sehemu 100 ni sawa na mtu anayekuimbia kutoka umbali wa mita 34. Katika programu za kurekodi, kwa kompyuta za Windows, chagueni draiva ya aina ya ASIO, na bafa ya sampuli 128 au 256. Mkisikia sauti inakatika-katika, kompyuta imezidiwa. Ongezeni bafa kidogo.

Hiyo ndiyo kazi yote ya kuunganisha. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ataimaliza kwa saa moja. Sasa nieleze kwa nini nimeona vyema kuwachosha nayo.

Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye wengi humu tulipita mikononi mwake, alitunga nyimbo kwa ajili ya shule hii. Wimbo wa mahafali ni wake. Wimbo wa kupanda miti ni wake. Wimbo wa kuwapokea wageni ni wake. Zilikuwa zaidi ya 30, zote kwa sol-fa, katika kaunta buku moja lenye jalada jekundu. Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, Mwalimu aliniita akanipa daftari jipya. Alisema mwandiko wangu unasomeka, basi nimnakilie nyimbo zote, ili ziwepo pawili. Nilianza kwa moyo. Nikanakili nyimbo tatu. Kisha yakaja mashindano ya mpira wa miguu, nikawa nasema nitamalizia kesho. Mwalimu aliniuliza mara mbili. Hakuniuliza mara ya tatu.

Mwalimu alifariki mwaka 2009. Tulipokwenda kuwapa pole wafiwa, nilimwomba mama anionyeshe lile kaunta buku. Alilitoa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati ambalo kutu ilikuwa imelila tundu pembeni. Mchwa walikuwa wametangulia. Jalada jekundu lilikuwepo. Ndani mlikuwa na udongo.

Wenzangu, tulipofungua mkutano huu asubuhi tumeimba wimbo wa taifa. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na mwongoza kwaya karibu na Johannesburg. Naye alikuwa akiandika nyimbo zake katika daftari la shule. Alifariki mwaka 1905, daftari likaazimwa huku na huko, na hata leo halijapatikana. Ule mmoja tunaoujua ulibaki kwa kuwa kwaya nyingine zilikuwa zimekwisha kuuchukua. Zilizobaki katika daftari lile, hakuna anayeziimba. Mwalimu wetu hakuwa Sontonga, lakini mchwa hawabagui.

Basi mwezi Desemba uliopita, wanne kati yetu tulikutana hapa shuleni, siku mbili, na kile kinanda kilichofufuka. Mmoja aliimba, mmoja akatafuta nota kwa kidole, mimi nikakaa kwenye kompyuta. Kwanza tulifanya ujinga: tulipiga wimbo mzima kwa mwendo wetu, tukaiachia kompyuta iandike. Iliandika maajabu, nota zimekatwa vipande kama mboga, kwa sababu inapima kila kitu kwa saa na sisi tulikuwa tukivuta tunapojisikia. Ukitaka kuandika unapopiga, lazima ufuate metronomu. Tukaanza upya, nota moja moja. Kila tulipomaliza mstari, tuliirudisha tukasikiliza. Hapo ndipo mashine ilipotusaidia kweli: tulipobishana kama sauti ya tatu inapanda kwa La au inabaki Sol, tuliandika zote mbili, tukazisikia, na sote wanne tukanyoosha mkono kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ilikuwepo, ilihitaji kuitwa.

Nyimbo mbili kati ya zile tatu zimekamilika. Wimbo wa mahafali haujakamilika. Katika daftari langu la mwaka 1996 nimeandika sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, na chini ya hizo nimepiga mistari ya besi nikaiacha wazi, kwa mwandiko ule unaosomeka. Katika sisi wanne hapakuwa na mtu wa besi hata mmoja.

Ndugu mmoja, kwa nia njema, alisema kompyuta inaweza kututungia besi. Inaweza, na hata mwanafunzi mzuri wa muziki anaweza, na isitoe kosa. Lakini haitakuwa ya Mwalimu. Mnakumbuka kwamba besi yake ilikuwa ikitangulia kuingia, kabla ya wengine, kama mtu anayefungua mlango awapishe wenzake. Alikuwa na sababu zake. Mashine iliyoambiwa namba tu haizijui sababu hizo. Kwa hiyo tumeacha nafasi ya besi ikiwa na alama za kimya, wimbo mzima, na tumeuleta leo kama ulivyo.

Nanyi wanafunzi, kazi hii itakuwa yenu, kwa hiyo shikeni mambo matatu. Faili la MIDI la wimbo wa dakika nne ni dogo mno. Sauti ya wimbo huohuo kwa kipimo cha sidii ni zaidi ya megabaiti 40, lakini maagizo yake hayafiki hata moja. Hamna udhuru wa nafasi. Wekeni nakala katika kompyuta, katika flashi inayokaa nje ya chumba hicho, na katika karatasi iliyochapwa, kwani karatasi haihitaji umeme wala programu. La pili, rekodini pia kwa simu sauti ya mzee anayeimba, kwa sababu namba hazishiki namna alivyokuwa akilivuta neno. La tatu, ni la mwandiko wangu: mkipewa kazi ya kunakili, msimalizie kesho.

Sasa ombi langu. Baada ya chakula cha mchana, chumba cha muziki kitakuwa wazi. Kinanda kimewashwa, kebo imechomekwa, wimbo wa mahafali umefunguliwa. Nawaomba wote mlioimba besi katika shule hii, wa miaka yoyote, mje. Hata mkikumbuka mstari mmoja tu, njoni na mstari huo. Hata mkidhani mmesahau, njoni. Tutawapigia sauti tatu zilizopo, polepole, na nina imani kwamba vinywa vitafunguka vyenyewe. Na kama yupo mwenye daftari lake la zamani nyumbani, alitazame kabla ya mchwa.

Nikiuacha wimbo ule na nafasi yake tupu kwa mara ya pili, sitakuwa na mpira wa miguu wa kusingizia.